Mezani Kuna Neno

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimesema uongo mara nne na jua bado halijazama. Sijamwambia mtu. Naandika hapa kwa sababu nisipoutoa kwa kalamu utanitoka kwa mdomo. Mdomo wangu naujua. Darasani uligoma hata kusema "nipo" jina langu lilipoitwa, lakini ukikutana na macho ya Mama unafunguka kama mlango mbovu.

Uongo ni huu. Asubuhi, Baba akifunga kamba za viatu, nilimwambia kwamba Mama ana neno, atalisema mezani jioni tukila wote. Mama akichana nywele, nikamwambia Baba ndiye mwenye neno. Kaka Chaja – anauza simu, na yeye mwenyewe hakai mbali na soketi, kama vile anachajiwa – nikamnong'oneza kwamba Bibi ana neno. Halafu nikaenda uani nikamwambia Bibi kuwa Chaja ana neno. Wote niliwapa onyo lilelile: usimwulize, atasema mwenyewe.

Na hawataulizana! Ujanja wangu wote umeegemea hapo. Bibi alimlea Baba kwa sheria moja, na Baba ametulea sisi kwa hiyohiyo: mwenye neno hachokozwi. Neno ni kuku anayeatamia, Bibi husema, ukimsukumasukuma anayaacha mayai. Unakaa naye, unakula naye, unasubiri. Nyumba nyingine watu hudadisiana mpaka mlango wa choo. Sisi tunasubiri.

Kwa nini nimefanya hivi? Sahani zilizofunikwa. Tangu nimalize shule jiko ni langu. Napika, nagawa, nafunika sahani kwa sahani, nakula peke yangu nikiwaangalia mende. Baba hurudi kutoka karakana ya mafriji ameshakula chipsi njiani, wima. Mama huja na nyuzi begani, huchota vijiko viwili jikoni bila kukaa, kisha analala na sindano kwenye kanga. Chaja hula kitandani, simu imeegemezwa kwenye glasi. Meza yetu imekuwa ghala: sare za shule za Mama upande huu, kompresa ya Baba, ule moyo wa friji, upande ule.

Na Bibi. Ijumaa nilimkuta nyuma ya nyumba akimlisha paka wa jirani chakula chake cha usiku. Chote! Hadi mchuzi.

"Bibi!"

"Nyamaza, mke mwenza. Chakula cha peke yangu hakinipiti."

Nikamshika mkono. Ile bangili iliyokuwa ikimbana sasa inateleza mpaka kwenye kiwiko. Anayenenepa ni paka.

Basi. Meza nimeisafisha. Kompresa nimeisukuma chini ya kitanda cha Chaja. Maharage yako motoni. Naogopa. Nimeshaonja chumvi mara tatu.


Jumanne, 4 Machi

Walikuja! Wote!

Sijawahi kuona watu wakila kwa adabu namna ile. Mama anamtazama Baba, Baba anamtazama Mama, mmoja akiinua macho mwenzake anayashusha kwenye maharage. Bibi hamwachi Chaja. Chaja hamwachi Bibi, na simu ameiacha chumbani – imelia huko peke yake kama yatima. Baba alipokohoa Mama aliangusha kijiko. Kumbe pilipili tu.

Kwa kuwa lile jambo halisemeki, ikabidi waseme mengine. Chaja akasimulia mteja aliyerudisha simu akidai ni mbovu, wiki nzima haijaita. Chaja akaipigia, ikaita. Kumbe maskini wa watu hakuna aliyemtafuta. Tulicheka. Kisha Baba akasema taratibu, "Nipe namba yake nimpigie." Mama akamtazama Baba kwa muda mrefu kidogo.

Bibi alimaliza sahani. Akafuta na mchuzi kwa kidole! Paka alikuja mlangoni, akakaa, akaondoka na heshima zake tu.

Neno halikusemwa, bila shaka. Mama akasema, "Basi kesho tena, saa zilezile." Baba akasema kesho si mbali. Nilikwenda kuosha vyombo nikiimba, na mimi siimbi.


Alhamisi, 6 Machi

Siku ya nne wanakuja. Chaja amefika kabla ya chakula kuiva, akanisaidia kumenya viazi. Aliumenya ubao zaidi ya viazi, lakini alikuja.

Shida ni kwamba mtu hawezi kusubiri neno bila kulibuni.

Bibi amebuni harusi. Huwa anamwita Chaja "mume wangu," utani wao wa siku zote. Leo amemwekea kipande kikubwa cha samaki akasema kwa huzuni ya kuigiza, "Kula, mume wangu. Mke mkubwa hana kinyongo." Chaja akakodoa macho. Baadaye akanivuta koridoni: "Dogo, Bibi anaaga? Mbona ananipa samaki wake? Anataka kunirithisha redio yake?"

Nikasema sijui. Nilisema nikitazama ukuta.


Jumamosi, 8 Machi

Baba amebeba ndoo.

Liandikwe vizuri: Baba, ambaye hubeba mafriji ya watu mchana kutwa na akifika nyumbani hawezi kubeba hata kikombe chake, leo amemnyang'anya Mama ndoo ya maji mlangoni. "Wewe kaa, mama watoto. Kaa." Akamletea stuli ya kuegemeza miguu. Akamletea machungwa, ameyamenya mwenyewe, yamejaa alama za vidole vya grisi.

Mama alikula machungwa yote. Kisha akanifuata jikoni, akafunga mlango.

"Baba yako amefanya nini?"

"Sijui, Mama."

"Mwanamume akianza kubeba ndoo, mwanangu, kuna kitu anakilipia." Akachukua kisu akakata vitunguu vyangu ambavyo nilikuwa nimeshavikata. "Neno lenyewe litakuwa zito. Nasubiri. Simchokozi."

Vikawa vidogo kama mchanga, vile vitunguu. Mchuzi ulikuwa mtamu kuliko siku zote.


Jumatatu, 10 Machi

Wali umeungua. Harufu mpaka barabarani. Hakuna aliyelalamika! Kila mmoja anadhani mwenzake ana mzigo moyoni, basi wakala ukoko kwa upole kama watu wa msibani. Baba akaomba kuongezwa.

Nimeanza kuona haya. Kidogo.


Jumatano, 12 Machi

Nimekamatwa. Nusu.

Nilikuwa uani naanua nguo. Bibi na Chaja walikuwa wamekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, kimya, wakisubiriana. Bibi ndiye aliyeshindwa. Bibi! Mwenye sheria yake!

"Mume wangu, nife bila kuijua siri yako? Binti ni wa nani?"

"Binti gani, Bibi?"

"Huyo unayetaka kumleta."

"Mimi nasubiri neno lako wewe. Nimeshatafuta hata betri za redio."

Nikajificha nyuma ya shuka. Shuka jepesi, jua lilikuwa nyuma yangu, kivuli changu chote kilionekana kama sinema.

"Mke mwenza," Bibi akaita, "toka humo kwenye shuka."

Nilieleza. Sauti ilitoka kama ya mbu. Nilipofika kwenye paka na bangili, Bibi aliangalia pembeni. Kisha mabega yakaanza kutikisika, nikajua nimemliza, kumbe anacheka. Alicheka mpaka Chaja akampiga mgongo. "Sheria yangu mwenyewe! Mtoto amenitegea kwa kamba yangu!" Ameapa hatasema. Sitamwambia baba yako, alisema, maana wiki hii nimekula vizuri na sina haraka ya kurudi kwa paka.

Chaja naye hatasema, ila kwa bei. Nifue mashati yake mpaka atakapochoka kuyavaa, na ukoko wa wali uwe wake daima. "Na hiyo kompresa uitoe chini ya kitanda changu, imenivunja kidole." Nimekubali.

Kwa hiyo sasa mezani tuko watatu tunaojua na wawili wasiojua. Usiku huu Baba alipomwambia Mama "kula mboga, zinaongeza damu," Chaja aliingia chini ya meza kuokota kijiko ambacho hakikuanguka.


Ijumaa, 14 Machi

Sijui niandikeje.

Nimempelekea Baba chakula cha mchana karakana. Hapo ni mafriji tu, yamepangwa kama wazee kwenye baraza, mengine hayana milango. Nyuma kabisa kuna kitu kimefunikwa turubai. Baba akatazama kushoto, akatazama kulia, akalifunua.

Friji la soda, limelazwa chali. Mlango umetolewa. Pembeni ametoboa matundu mengi ya hewa, kingo amezipiga msasa mpaka laini, ndani ametandika sponji. Chini ameweka magurudumu manne. Kile kitufe cha baridi amekiacha pale pale, eti kitakuwa cha kuchezea.

"Unaona nini?"

"Friji, Baba."

"Kitanda cha mtoto!" Alinong'ona, lakini mikono yake haikujua kunong'ona, ilipaa juu. "Mimi si mjinga, mama. Neno la mama yako nimeshalijua. Anavyochoka, anavyokaa mapema, anavyonitazama. Utapata mdogo wako. Usimwambie kama nimejua. Mwache aliseme mwenyewe."

Mama! Aliyesema juzi tu kwamba akisikia mtoto akilia kwenye duka lake la ushonaji hutamani kushona masikio!

Nilitaka kusema. Mdomo ulikuwa wazi kabisa, naapa. Lakini Baba alikuwa anafuta kingo za lile friji kwa kitambaa, taratibu, kama uso wa mtu.

Halafu akasema la pili. Kuna ghala la barafu limemtaka tangu mwezi uliopita, akae na mitambo yao jioni mpaka alfajiri, kila siku. Alikuwa amewakatalia moyoni. Sasa mdomo mpya unakuja nyumbani, na mdomo mpya haukataliwi kazi. Jumatatu anasaini.

Jioni mpaka alfajiri. Kila siku!

Nimempikia mtu chakula cha jioni mpaka nikamfukuza mezani. Uongo wangu umetengeneza friji lenye magurudumu, na hilo friji linamchukua Baba.

Usiku wa leo walikuwa wote mezani. Bibi alimkumbusha Baba jinsi alivyomeza kifungo cha shati utotoni, Mama akasema ndiyo maana hafunguki. Walicheka, hata Mama. Mimi nilihesabu punje za wali.


Jumamosi, 15 Machi

Nimejaribu. Nilikwenda dukani kwa Mama nikajiambia, ukifika, sema kabla hujasalimia.

Nilisalimia.

Mama alikuwa peke yake, ameshona mkono wa shati kwenye shingo. Anaufumua. Bila kuniangalia akasema amejua neno la Baba. Karakanani ameona turubai, akakatazwa kuligusa. Ghala la barafu wamempigia simu, akaongelea uani. Anaondoka, alisema, au anaye mwingine. "Mimi simwulizi, sheria ni sheria. Ila kama ni mwanamke, nitamshonea gauni la bure. La kubana! Mpaka apumue kwa masikio."

Alisema hivyo akicheka, lakini ule uzi ulikuwa hauingii kwenye sindano, mara mbili, mara tatu. Nikamtungia mimi.

"Mama, si hivyo –"

"Shh. Mwenye neno hachokozwi."

"Mama, neno lenyewe –"

Akaingia mteja. Mkubwa, na watoto wake wa kupimwa sare, wote wanapiga kelele. Mdomo wangu ukajifunga kama duka siku ya mgomo. Nimerudi nyumbani na shati lenye mkono shingoni, sijui kwa nini nililibeba.

Nimewaendea wenzangu wa siri. Chaja akasema njia rahisi ni moja tu, Mama apate mtoto kweli. Bibi akamrushia kandambili. Kisha akaniambia, hakuna utani tena kwenye macho yake: "Chungu ukikitelekeza motoni, hakijiepui. Kesho, mke mwenza. Kabla ya Jumatatu yake." Nikamwuliza, na nikisema, wakaacha kuja? Akaizungusha bangili. Imekaza kidogo, haifiki tena kwenye kiwiko.

"Basi tutajua," akasema.


Jumapili, 16 Machi

Niko jikoni, nimekalia ndoo iliyopinduliwa, kitabu juu ya goti. Mwandiko utanisamehe. Wao wako mezani. Nimetoroka.

Nilikuwa nimejipanga! Nimepika kuku, viazi, mboga, nimetengeneza na kachumbari. Nilipanga niseme baada ya dua, kabla ya kijiko cha kwanza. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo cha bafuni mpaka Chaja akagonga.

Lakini Baba alifika na lile friji, bado limefunikwa turubai. Yeye na Chaja walilisukuma mpaka sebuleni, gurudumu moja linalia kwii kwii. Mama akaingia, akaliona, akakaa kitini bila kuvua viatu. Uso ulikuwa umemshuka wote. Akasema, "Haya. Leo basi."

Nikasimama. Naapa nilisimama. Baba naye akasimama, na yeye ni mrefu.

"Mama watoto," akasema, "sikuchokozi. Nilitaka kusubiri mpaka useme. Lakini kesho nasaini kazi ya usiku, nikaona nisingoje." Akavuta turubai.

Mama akalitazama friji. Akalizunguka. Akakibonyeza kile kigodoro cha sponji.

"Hiki nini?"

"Cha mtoto."

"Mtoto gani?"

"Wako. Wetu. Si ndilo neno lako?"

"Neno langu? Mimi wiki mbili nasubiri neno lako!"

"Sina neno mimi. Nani kakwambia nina neno?"

Chaja akatazama dari. Bibi akaanza kukohoa. Baba na Mama wakageuka pamoja, pole pole, kama feni.

Nikasema, "Nakwenda kuleta mboga."

Mboga ilikuwa mezani.

Sasa nasikiliza. Mama ametoa sauti ambayo sijui ni kilio au ni nini. "Umri wangu huu! Friji!" Baba anajitetea: limetobolewa hewa, limewekwa na magurudumu. "Na kitufe cha baridi, ukampoze mtoto?" Hapo Chaja akapasuka. Kumbe Mama naye anacheka – au analia huku anacheka, sauti zake hizo mbili zinatokea mlango mmoja.

Ngoja.

Anauliza kuhusu kazi ya usiku. Baba anasema anasaini kesho. Mama anasema, sauti imeshuka, kwa mtoto gani? Kiti kimelia, sijui nani kaegemea nyuma. Bibi anasema chakula kinapoa.

Baba anasema hakuna anayeshika kijiko mpaka nirudi.

Chaja anasema aje anivute. Mama anamkataza. "Mwache. Atakuja mwenyewe. Tunasubiri."

Nimechungulia kwenye upenyo wa mlango. Hawajagusa chakula. Kuku anafuka moshi katikati yao na hakuna anayemtazama, wote wanne wanautazama mlango huu. Kiti changu kimevutwa nje kidogo, tayari.

Basi, naenda. Nitainamisha kichwa. Nitasema yote, paka, bangili, sahani zilizofunikwa, na nitamwomba Baba asisaini, hata kama sauti itatoka ya mbu. Nitaomba msamaha kwa Baba, kisha kwa Mama, kisha tena kwa Baba kwa ajili ya friji. Machozi yakija nitayaacha yaonekane.

Lakini wewe nakwambia ukweli kabla sijasimama. Sijuti. Hata chembe! Ningeweza kurudi ile Jumatatu asubuhi ningewadanganya tena wote wanne, na sauti ningeitoa vizuri zaidi. Hilo hawatalisikia kwangu. Usiwaambie na wewe. Nikikufunga, fungika kweli, hata Chaja akikufungua kwa nguvu.

Baba ameniita, tena kwa jina langu lote, na mimi ninakwenda.